Siku Joyline Aliporudi Nyuma Angani

Kijiwe chetu kiko Riruta, kando ya Naivasha Road: benchi la mbao, ukuta wa ploti ya kupangisha nyuma yetu, na Wanjugu na thamosi zake za kahawa. Jumanne hiyo baridi ya Julai ilikuwa imelalia mapaa tangu asubuhi. Tulikuwa tunamjadili Joyline, jirani yetu, aliyeruka Jumamosi katika mashindano ya mabawa kule ng'ambo ya Ngong, kwenye mteremko unaotazama Bonde la Ufa. Bawa lenyewe ni kitambaa kilichowambwa juu ya mabomba mepesi. Mtu ananing'inia chini yake kifudifudi, bila injini, anabebwa na hewa tu. Mshindi angeenda kuiwakilisha Kenya nje ya nchi. Ushindi ulikuwa mkononi mwa Joyline, kisha akageuka akarudi nyuma.

— Mi nawaambia aliogopa, akasema Kaindi. Tunamwita Rada kwa sababu habari haimpiti. — Wingu lilikuwa zito. Dem akaona giza mbele, akahepa.

— Hakuogopa, akasema Tobias.

Tobias ndiye aliyeendesha pikapu ya kuwafuata waliotua. Kati yetu, yeye pekee alikuwepo.

— Buda, we ulikuwa chini. Ungeona nini?

— Aliye juu mngoje chini, akasema Wesonga, tunayemwita Pasta ingawa hana kanisa. — Hiyo si ndiyo kazi ya Tobias? Maandiko yametimia.

— Hiyo si maandiko, Wanjugu akamwambia huku akimwongeza kahawa.

Tobias alikuwa amekishika kikombe chake kwa mikono miwili, hanywi.

— Siku ya jua, ardhi inashika moto, akasema. — Hewa inapanda, inawabeba juu. Jumamosi jua halikutoka. Watu wanaruka, wanashuka hapo hapo chini ya mlima. Mchana hivi wengi walikuwa kwa nyasi wanakunja mabawa. Hewani wakabaki wawili, Joy na Kuria, yule fundi wa stima wa Dagoretti.

— Na walibaki aje kama hakuna hewa? nikauliza.

— Walipata kahewa kadogo kanakopanda juu ya mawe meusi. Wakakazunguka, wakakazunguka. Ukiangalia hujui kama wanapanda ama wanashuka. Hiyo ni kuvumilia tu. Halafu Kuria akachoka kungoja, akakata kuelekea uwanja wa kumalizia. Mbele huko akapata hewa inayoshuka, ikamvuta chini.

— Sasa si hapo ndio Joy angemaliza kazi? Rada akasema. — Mwenzake yuko chini, yeye yuko juu.

— Angeweza. Alikuwa ameshampita Kuria kwa juu, uwanja anauona. Mimi nilikuwa nyuma ya kilima, nawasikia tu kwa redio ya kuongelea. Joy akasema, "Kuria ameanguka kwa korongo."

— Basi wanapendana hao, Rada akasema. — Mtu haachi safari ya majuu hivi hivi.

— Kuria ana bibi, akasema Wanjugu.

— Sijasema hana.

Tobias aliendelea na habari yake.

— Kuria alishika redio. Akasema, "Joy, niko sawa. Wewe nenda." Lakini sauti ilikuwa imekauka. Joy akamwambia, "Inua mkono nikuone." Hakuinua. Akamwambia tena. Hakuinua. Hapo ndipo Joy akageuza bawa.

Pasta alivuta kofia yake ikafunika masikio.

— Akaja akazunguka juu ya korongo, Tobias akaendelea, — anashuka, anashuka, huku ananiambia nipite wapi. "Pita kushoto, kuna mtaro. Sasa songa mbele." Bila yeye, singejua ni korongo gani. Zote zinafanana. Kisha akatua kwa mawe hapo hapo. Nilipofika alikuwa amemshikilia Kuria kichwa kisitingishike. Mikono imetulia kabisa.

— Na nafasi ya kwenda majuu? nikauliza.

— Ilichukuliwa na jamaa wa mtaa wa Karen. Ukirudi nyuma huhesabiwi. Kati ya wengine waliotua, yeye ndiye alikuwa amefika mbali zaidi.

Rada akaweka kikombe chini.

— Sasa hapo. Mjiulize, hilo wingu lilitoka wapi? Siku hizi kuna mashine za wingu. Karen ndiko kuna miti, ndiko wingu linaanzia. Hiyo kitu ilipangwa.

— Hiyo bonde ina wenyewe, akasema Pasta. — Ilitaka mmoja, ikamwita mwingine amsindikize. Ndio wazee wakasema, mchumia juani hulia kivulini. Sasa hakukuwa na jua. Angelia wapi?

Tukageuka. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya benchi, amevaa koti zito, macho mekundu ya kukosa usingizi.

— Habari zenu. Natafuta kwa Joyline. Mimi ni Wahu, bibi ya Kuria.

Tulisimama wote. Wanjugu akamshika mkono, akamkalisha.

— Anaendeleaje? akamuuliza.

— Ameamka. Walimfanyia upasuaji wa nyonga jana. Daktari anasema atatembea, lakini itachukua muda. Kuruka, hapana tena. Akatoa simu mfukoni. — Anampigia Joyline tangu asubuhi, simu inalia tu. Ndio nikasema nije mwenyewe. Ako aje?

Rada akamtazama Pasta. Pasta akamtazama Tobias.

— Nilimshusha hapa jioni ya Jumamosi, akasema Tobias. — Aliniambia asante. Tangu hapo…

— Ametoka? Anakula?

Wanjugu akasema hajamwona akipita. Siku tatu tulikuwa tumekaa tumeegemea ukuta wa ploti anamopanga Joyline, tukimjadili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia lango lile.

Wahu akauliza mlango ni upi. Tobias akainuka ampeleke. Sisi tuliobaki tukasikia wakipiga hodi ndani ya ua, kisha wakapiga tena. Halafu tukasikia komeo likivutwa kutoka ndani.