Sauti Inayofutwa Kesho

Ulijifunika gazeti, lakini ulisikia. Behewa zima tulimsikia Bi Odette akimbana fundi aliyekuwa bado amevaa fulana ya kampuni iliyorusha vipindi kwenye intaneti, ikasifiwa New York nzima, ikafa mwezi uliopita.

“We kijana, marehemu binti yangu aliimba kwenu kila Jumanne. Nyimbo zake ziko wapi?”

“Kwenye mashine za kuhifadhia vipindi, mama. Kesho zinafutwa, mashine zipigwe mnada.”

“Si mlijigamba mtaizika televisheni?”

“Tulijigamba mengi.” Nasi watu wa mji tuliwapigia makofi wakati ule, nakumbuka.

“Sauti yake sina kwingine. Nifungulie chumba cha mashine!”

“Funguo mabosi walininyang’anya, mama.”

Treni ikasimama Canal Street, wakashuka wakibishana. Nilimsikia fundi akimwambia wanafuta kesho saa nne asubuhi, Mtaa wa Broome. Njoo tuzibe mlango wasiingie.