Kijiko Chenye Meno

Tangu Kitale, Chesang alikuwa amepakata mfuko wake kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na bakuli na kijiko vya plastiki, vya kumwanzishia uji mtoto wake wa kwanza. Mama aliyeketi kando yake katika basi la Bungoma, Nyaruai kwa jina, aliomba kuviona, akapitisha kidole kwenye kijiko.

"Uliambiwa hii ni mpya?"

"Mpya kabisa, mama. Imetoka Lwakhakha, kule mpakani, juzi."

"Na haya meno ni ya nani? Wako si bado hajaota?"

Chesang hakuwa ameziona zile alama za meno. Akasema huenda muuzaji alikiuma kuonyesha hakivunjiki.

"Ulimwona akiuma?"

Hakumwona.

Nyaruai akashusha sauti. "Mtoto akiwa hai, kijiko yake haiuzwi, bana. Inangojea ndugu yake. Niachie nikakutupie mbali. Mimi nilishamaliza kuzaa, hainidhuru."

Chesang alikuwa karibu kumwachia. Hapo akaona soksi ndogo ikichungulia kwenye kiondo cha yule mama, bado ina sindano za kufumia.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mjukuu."

"Ameanza kula?"

"Ndiyo anaanza," Nyaruai akajibu, akiangalia nje.

Basi likasimama Kamukuywa. Chesang akakipokonya kijiko chake, akashuka. Pale chini ya dirisha, Nyaruai akimtazama, akakitia kinywani na kukiuma palepale penye alama, kwa nguvu zake zote, mpaka meno yakawa yake.