Uzi Mwekundu Nilioukata

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Hamjaitika vizuri, lakini nawaelewa, baridi ya Birmingham inaziba hata koo. Mimi ni dada yenu Mercy, nesi, mzaliwa wa Taita. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye kiburi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa wasichana watatu wa Kenya kwenye chumba kimoja mtaa wa Balsall Heath, hapa Birmingham, juu ya mkahawa. Sare zetu zilinukia mchuzi hadi wagonjwa wakatuuliza tumepika nini! Tulikuwa na sufuria moja ya ugali, na tulisali pamoja kabla ya kazi. Jamani, naikumbuka nyumba ile! Nilikuwa nimehitimu digrii ya uuguzi, nimepangiwa wodi ya watoto, najiona nimefika.

Akaletwa mtoto wa miezi minne, Mateo, kifua kimembana, anahitaji dawa ya dripu siku tano. Mama yake, Luz, alitoka Kolombia, anaongea Kihispania na Kiingereza cha kubahatisha. Siku ya pili nikatumwa kuihamisha sindano ya dripu kutoka mguuni hadi mkononi. Kwenye mkono wa mtoto nikaona uzi mwekundu wenye ushanga mweusi. Ndugu zangu, mimi mtu niliyeokoka niliona hirizi! Nikachukua mkasi, nikasema uzi unazuia sindano. Uongo mtupu! Mkono wa pili ulikuwa wazi. Nikaukata, nikautupa kwenye kapu la karatasi, huku moyoni nakemea pepo.

Yule mama aliniona nikiutupa. Alimfunga mtoto kwa shali, akabeba mfuko wake, akaelekea mlangoni. Daktari akamwambia bila dawa mtoto anaweza kufa. Akaketi pale pale mlangoni, amemkumbatia mwanawe, hataki mtu yeyote mwenye sare amguse.

Sista Doreen, mkuu wa wodi, mama wa Kijamaika aliyetulea manesi wapya, hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mercy, hukumuuliza. Nenda ukanywe chai, ufikirie nani kwenu alivaa kitu kama kile."

Nikaketi na kikombe changu. Akilini nilimwona mdogo wangu Mwakio, kule Taita, na shanga zake za kiunoni, nyeupe na buluu. Mama alizikagua kila siku ya soko, zikibana anajua mtoto ananenepa. Hadi leo nasikia zikilia akitambaa. Nesi wa zahanati alizikata mbele ya foleni nzima, akasema ni ushenzi. Mama aliziokota sakafuni moja moja. Hakurudi tena pale, chanjo hazikumalizika, na surua ikamchukua Mwakio wetu. Mimi nilikuwa na miaka saba. Nilisomea unesi kwa sababu yake, na sasa mwenye mkasi nilikuwa mimi!

Ee Mungu wangu, nililia! Nikautoa ule uzi kapuni, nikauosha. Nikampigia simu mkalimani wa Kihispania, nikasema, "Mwambie nimekosa. Muulize uzi huu ni wa nini, na angependa tuufunge wapi."

Luz akalia pia. Uzi ulifungwa na mama yake kabla hawajasafiri, ili jicho baya la mtu lisimdhuru mtoto. Akaufunga mwenyewe mguuni, kisha akaninyooshea mkono wa Mateo. Sisemi uzi unaponya, ndugu zangu, Mponyaji namjua! Ila mama alirudi kitandani, na siku ya tano Mateo alicheka.

Tangu hapo, kila walipoingia manesi wapya wodini, Sista Doreen aliniita niwafundishe kuwahudumia wanaoongea Kihispania. Nilimwalika Luz. Alikaa mbele na mkate wake wa jibini, nao walijifunza kumuuliza kwanza. Natamani mikate ile!

Wiki ile ya Mateo nilinunua kadi ya simu dukani mtaa wa Kings Heath, nikampigia Mama kule Taita, nikamsimulia yote.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi ningerudi zahanati. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Namshukuru Yesu aliyeninyang'anya mkasi. Na wewe uliyeshika wako, umkabidhi leo, umwamini. Halafu ukitoka hapa, kuna mama ameketi karibu na mlango. Nenda ukamuulize.