Tadeusz Gorczyca na Mia Aliyoifuata

Jamani sogeeni, walio mlangoni ingieni mfunge maana theluji inaingia pamoja nanyi, na tunyamaze kidogo, sauti yangu mimi dada wa marehemu imechoka kwa kulia.

Marehemu Tadeusz Gorczyca, Tadek wetu, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946 hapa Nanticoke, Pennsylvania, mtoto wa mzee Walenty, mchimba makaa, na mama Bronisława, akamaliza shule mwaka 1964, akaajiriwa kukata vitambaa katika kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa mwaka 1986. Tarehe 13 Juni 1970 alimuoa Philomena Scarpino, ambaye baba yake alinung'unika, “Huyu Mpolandi kila siku ana chaki mikononi, kumbe ni mwalimu?” na chaki yenyewe ilikuwa ya kupaka fimbo ya pool, ule mchezo wa mipira mezani, wakajaliwa mtoto mmoja, Halina, mwaka 1973.

Kiwanda kilipokufa wanaume wakawa wanashinda ndani na huzuni zao, ndipo marehemu, Februari 1987, akaanzisha shindano la pool la kila mwaka kwa Dudek, mwenye ukumbi, kila mtu peke yake mezani, anataja mpira na shimo, anatumbukiza mfululizo, ukibaki mmoja ile mingine inapangwa upya, anaendelea mpaka akosee, na anayefikisha mipira mia jina lake linapanda ukutani. Aliwaalika watu mpaka wa New Jersey, akapiga pasi kitambaa cha meza mwenyewe, na sheria yake ilikuwa ngumu, hata nguo yako ikigusa mpira, zamu yako imekwisha. Rafiki yake Orville akamtania, “Basi tucheze vifua wazi?” naye akamjibu, “Cheza, ila hilo tumbo nalo litagusa.” Majina ya wenzake yalipanda, lake halikupanda hata mara moja, na hilo lilimuuma kuliko alivyosema.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua, na Januari mwaka huu wa 2023 madaktari wakasema hatauona msimu wa joto. Tarehe 11 Februari akaamka kitandani akaenda shindanoni, ndani ya sweta pana la Philomena kwa ajili ya baridi, akacheza kama anayesali, akafika tisini na nane, akainama, kisha akanyooka, akalaza fimbo, akasema, “Nguo imegusa.” Hakuna aliyeona. Orville, aliyekuwa akihesabu, akamsihi, “Haijagusa kitu, bwana wee, cheza!” Marehemu akasema, “Mkono ni wangu, Orville, nimesikia,” akakaa, na njiani kurudi alilia, Philomena akiendesha gari.

Alifariki Alhamisi tarehe 2 Machi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufagilia theluji, wenzake wa kiwandani, na ninyi wa ukumbini mliotaka kumwandika ukutani sasa, tukakataa, msituone wagumu. Tadek mdogo wangu, kapumzike kwa amani.

Nyumba imebaki kwa Philomena, fimbo amepewa Orville, na shindano amelirithi Halina, asiyejua hata kushika hiyo fimbo, ambaye jana aliombwa aifute sheria ya nguo kwa heshima ya baba yake, akasema hapana.