Sauti Yangu Iliuza Sarafu za Kimondo

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wa umri wangu, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti alitaka nisimame mwanzo wa mkutano huu wa kikundi chetu, nikamwomba anisogeze mwisho, maana ujasiri ulikuwa haujafika. Sasa umefika kidogo, nami nitasema kabla haujaondoka.

Wengi wenu mnaijua sauti yangu kuliko sura yangu. Miaka kumi na moja nimetangaza kwenye gari la spika, kutoka hapa Tunduma hadi vijijini huko. Chanjo ya watoto ikija, ni mimi. Msiba, maji kukatika, mtoto kupotea sokoni, ni mimi. Mtu wa Chitete anaweza kupishana nami njiani asinijue, lakini nikisema "Ndugu wananchi", anasimamisha jembe asikilize. Sikuwa na shamba wala duka. Nilikuwa na kuaminiwa. Nawaambia, ndicho nilichokiuza.

Mwaka ule kazi zilikauka. Wenye maduka walikuwa wanarekodi tangazo mara moja tu, linajirudia kutwa nzima. Mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amekaa ndani, mguu umevunjika na umefungwa hogo. Ndipo akaja bwana mmoja, suti safi, maneno laini. Akafungua kisanduku cha mahameli nyekundu. Ndani kulikuwa na sarafu ya njano inayong'aa kama dhahabu, ina picha ya Kimondo chetu cha Mbozi, lile jiwe lililoanguka kutoka angani, na pembeni cheti chenye muhuri.

"Sarafu za kumbukumbu, mama," akasema. "Zimetengenezwa chache. Anayenunua leo, mwakani anauza mara mbili. Mahindi yanaliwa na dumuzi. Hii haina dumuzi."

Nikamuuliza, "Na mtu akitaka kuuza, anamuuzia nani?"

Akacheka. "Sisi wenyewe tunanunua. Kazi yako ni kusoma, mama. Maswali tuachie sisi."

Ndugu zangu, hapo moyo uliniambia, ondoka. Nikauambia moyo, wewe hujui bei ya unga. Nikachukua karatasi ya tangazo.

Siku ya kwanza tulikwenda Mlowo. Nikasoma kila kilichoandikwa. Watu walisikiliza, wakatazama, wakaenda zao. Yule bwana akanigeukia kutoka kiti cha mbele. "Watu wako wamepoa. Kama huwezi, nitatafuta mwingine."

Basi nikaongeza neno ambalo halikuwa kwenye karatasi. Hili hakuniandikia mtu, nililitunga mwenyewe. Nikasema, "Na mimi ninayesema nanyi nimeshanunua mbili, akiba ya kusomesha wanangu!"

Sikuwa nimenunua hata moja.

Watu waligeuka. Niliwaona kwa macho yangu. Mama aliyekuwa ameshapanda bodaboda aliteremka. Mzee mmoja akamwambia mwenzake, "Kama huyu wa chanjo kanunua, basi ni kitu." Siku ile visanduku viliisha kabla ya saa tisa. Tangu hapo uongo wangu ukawa ndio tangazo. Niliurudia wiki tatu, kijiji kwa kijiji, hata ukanitoka bila kuufikiria.

Halafu simu ikaita. Alikuwa mama yangu mdogo, wa Msangano, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa na furaha.

"Mwanangu, nimekusikia! Gari lilipita barabarani, nikasema huyo ni wangu. Nimenunua tano."

"Mama, umenunua kwa kitu gani?"

"Maksai. Nimewauza wote wawili. Si umesema mwakani ni mara mbili? Nitanunua wanne."

Mnaojua Msangano mnajua maana yake. Kabla ya mvua kulikuwa kumebaki kama mwezi mmoja. Mjane mwenye mashamba ya mpunga, hana maksai. Nilikata simu nikakaa chini pale pale kwenye korido. Mume wangu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimeuza maksai wa mama."

Kesho yake nilimwambia yule bwana, "Kuna mteja anataka kurudisha sarafu tano." Akasema dirisha la kuzinunua tena bado halijafunguliwa. Litafunguliwa lini? Baadaye. Baadaye lini? Akanitazama bila kupepesa. "Mama, usianze."

Nilichukua sarafu moja ya maonyesho na cheti chake, nikaenda kwa sonara mmoja hapa mjini, mzee wa Kiislamu, mtu wa maneno machache. Aliipima mkononi, akaikwangua ukingoni kwa tupa. Ule unjano ukatoka kama rangi ya ukutani.

"Shaba," akasema. "Imepakwa. Mwanangu, wewe unasoma Kiingereza?"

"Kidogo."

"Soma hapa chini."

Nyuma ya cheti palikuwa na herufi ndogo kama sisimizi. Nilisoma mara mbili. Maana yake ilikuwa hii: kitu hiki ni pambo, na muuzaji haahidi kukinunua tena. Wiki tatu nilitangaza kinyume cha maneno yaliyokuwa ndani ya kisanduku chenyewe, na sikuwahi kukigeuza cheti.

Nilimuuliza mzee nifanye nini. Akasema, "Watu waliambiwa kwa spika. Ukienda kuwanong'oneza mmoja mmoja, utamaliza lini?"

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho, tena Mlowo. Niliambiwa baada ya hapo wanavuka kwenda Zambia. Watu walikuwa wameuza mazao, wamejaa, wengine wameshapanga foleni kwenye dirisha la gari. Nikashika kipaza sauti. 

Nikasema, "Ndugu wananchi. Niliwaambia nimenunua sarafu hizi. Nilisema uongo. Sijanunua hata moja. Ni shaba iliyopakwa rangi, na hakuna atakayezinunua tena. Geuzeni cheti, msome nyuma."

Yule bwana alinirukia, akanikamata kiwiko. "Zima! Zima spika!" alimfokea dereva. Dereva wetu alikuwa mtu mkimya, wiki zote tatu hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi. Alinitazama. Mimi nikaendelea kusema, nikingoja sauti ikatike. Haikukatika. Akautoa mkono, akachomoa ufunguo wa gari, akashuka nao.

Watu walitufunga pande zote. Kuna aliyepiga kioo kwa fimbo. Nilidhani tutauawa wote, mwongo na aliyekiri. Polisi walifika, wakatuchukua sisi sote, na mimi nikiwemo. Nilihojiwa siku mbili, na ilikuwa haki.

Waliolipa siku ile walirudishiwa chao. Waliotangulia, wengi hawajapata hadi leo. Kesi ipo. Sitawadanganya tena kwamba mambo yote yalikaa sawa.

Nilipotoka nilikwenda Msangano. Nilimwambia mama mdogo nikiwa nimepiga magoti. Hakulia, hakunitukana. Aliendelea kupepeta mchele. Mwisho akasema, "Maksai wamekwenda. Mikono yako ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi kesho alfajiri tunaingia shambani."

Nililima kwa jembe la mkono msimu mzima, nikirudi Tunduma mara chache kumwona mume wangu, ambaye alijipikia huku akitembelea fimbo, bila kulalamika. Viganja vilipasuka. Wanakijiji walipita wakasema waziwazi, "Huyo ndiye wa sarafu." Nilikuwa naitika, ndiyo, ni mimi. Tulilima nusu tu ya eneo. Ila tulivuna.

Nawashukuru ninyi. Niliporudi, mlinipokea kwenye kikundi hiki wakati wengine walisema nisikaribie. Mama mmoja hapa, ambaye naye alinunua kwa sauti yangu, ndiye aliyeninyanyulia mkono nikubaliwe. Sitamtaja, anajijua. Namshukuru mzee sonara, na dereva, na mume wangu. Mama yangu mdogo nitamshukuru mpaka naingia kaburini.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikwambia kitu chake bei haishuki, na kwamba yeye mwenyewe atakinunua tena, usibishane naye. Mwambie, "Sawa. Nakinunua sasa hivi, nawe kinunue kwangu kesho asubuhi kwa bei hiyo hiyo, hata faida sitaki." Kisha mtazame usoni. Na anayekwambia "hata mimi nimenunua", mwombe akuonyeshe, hata awe dada yako, hata awe mchungaji au shehe.

Siku ile Mlowo, mtu mmoja tu angesema, "Mama, tuonyeshe zako mbili," ningeishiwa maneno hapo hapo. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mliniamini. Naomba mnisamehe. Na kuanzia leo, niulizeni.