Historia ya Fundi Sikio, Mwenye Ufunguo wa Kushoto

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, viongozi wa dini, majirani, nanyi wenzake wa kazi mliokuja kwa sare na mliokuja kwa makoti ya kiwanda, nawasalimu kwa unyenyekevu, na kwa idhini ya dada yangu, ambaye tangu juzi anaitwa mjane, nimesimama kuwasomea safari ya shemeji yangu, mume wake, ambaye sote tulimwita Fundi Sikio, na nikikwama mahali mnivumilie, kwa maana macho yangu ni ya kizee na machozi hayajui kusoma.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Machi 1949, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi saa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na kwa kuwa chumba hicho ndicho kilichokuwa karakana ya baba yake, sauti za kwanza alizozisikia duniani zilikuwa za saa thelathini na zaidi zilizotundikwa ukutani, kila moja ikitangaza wakati wake bila kumjali jirani, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakulala ila kitanda chake kisogezwe karibu na saa hizo, kana kwamba humo ndimo zilimokuwa ndoto zake, zikimsubiri. Akiwa na miaka mitano alibandika sikio ukutani, akamwambia baba yake kwamba saa moja ya rafu ya juu inachechemea, na mzee alipoifungua akakuta unywele umejisokota katika gurudumu lake, na kuanzia siku hiyo jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1957 na kuimaliza 1964, katika shule iliyopakana na reli, ambako mwalimu wake aliacha kupiga kengele ya mapumziko, kwa sababu Sikio alisimama kutoka kwenye dawati kila treni ya saa nne ilipokuwa bado iko nyuma ya vilima na hakuna mwingine aliyeisikia. Alisoma sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, kisha chuo cha ufundi, fani ya redio, kuanzia 1969 hadi 1971, na tarehe 3 Januari 1972 akajiunga na jeshi akiwa fundi wa mitambo ya mawasiliano.

Alifunga ndoa na dada yangu Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1975, na kabla ya hapo, kama ilivyonipasa mimi kaka mkubwa, nilimketisha nikamuuliza amemwona nini binti yetu, akafikiri kwa muda mrefu kuliko wachumba wote niliopata kuwahoji, akanijibu kwamba ni mtu pekee ambaye hatua zake yeye hachoki kuzisikia, nami siku hiyo nilidhani ananirembea maneno, miaka ikanifundisha kwamba alikuwa anatoa ripoti. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni mwashi, wa pili ni muuguzi, kitindamimba ni mwalimu wa hesabu, na wote watatu wameniomba niseme mbele yenu kwamba baba yao aliweza kusikia kifuniko cha kopo la sukari kikifunguliwa yeye akiwa uani, lakini akiitwa kubeba ndoo za maji hakusikia kitu.

Tarehe 1 Julai 1980 alihamishiwa maabara ya utafiti ya jeshi, katika jengo tulilolijua kwa jina la Ukumbi wa Kimya, lenye kuta zilizovikwa sponji nene na meza moja ya jiwe iliyosimama juu ya kitanda cha mchanga ili mtikisiko wa dunia usiifikie, na yeye alipenda kusema kwamba humo ndani mtu akikaa robo saa huanza kusikia mawazo yake yakivua viatu. Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza chombo cha kusikia mtu aliye chini ya ardhi, kwa ajili ya askari wanaolinda kambi, na jeshi lilikuwa na ujuzi na subira, ila halikuwa na mashine za kufua sahani nyembamba za chuma kwa ustadi unaotakiwa, hivyo Jumanne, tarehe 2 Juni 1987, likatia saini mkataba wa ushirikiano na kiwanda binafsi cha mizani. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka, jeshi litatoa ukumbi, wataalamu na maarifa yaliyokusanywa, kiwanda kitatoa mashine na mafundi, na chombo kikifaulu majaribio, jeshi litachukua mia moja vya kwanza, kisha kiwanda kitaruhusiwa kuwatengenezea madaktari wa moyo na waokoaji wa watu waliofukiwa.

Na kwa kuwa ndoa ya watu wawili wenye siri huhitaji mlango wenye kufuli mbili, chombo kilitunzwa katika kabati la chuma lisilofunguka ila kwa funguo mbili kwa pamoja, wa kulia ukishikwa na kiwanda, wa kushoto ukishikwa na maabara, na huo wa kushoto aliushika marehemu kwa miaka kumi na minne. Kila jaribio lilipofanyika ukumbini, wengine wote walitoka wakakaa nyuma ya kioo, akabaki yeye peke yake kando ya meza, kwa sababu kanuni ilikataza mali ya jeshi kuachwa bila mwenye ufunguo, na kwa mazoea aliyojiwekea mwenyewe aliweka kiganja juu ya jiwe mwanzo hadi mwisho, akisema kwamba meza nayo hutaka kutulizwa kama ng'ombe wa kukamwa.

Vyombo kumi vya kwanza vilikuwa vizito vya kusikia, lakini cha kumi na moja, kilicholetwa ukumbini Februari 2001, kilikuwa na usikivu ambao haujawahi kuonekana, na hapo ndipo mtihani ulipoanzia, kwani katika jaribio la kimya, ambalo kalamu ya chombo hutakiwa kuchora mstari ulionyooka juu ya utepe wa karatasi, kalamu iliruka, ikatua, ikaruka tena, mapigo mawili, kimya, pigo moja, kimya kirefu, na chombo kinachosikia mtu mahali pasipo mtu kitawafanya waokoaji wachimbe kifusi kitupu huku mwenye uhai akifia upande wa pili. Kiwandani chombo kilikuwa safi, ukumbini kilikuwa kigonjwa, basi kwa miezi minane maabara ikakilaumu kiwanda kwa springi duni, kiwanda kikailaumu maabara kwa sakafu mbovu, sakafu ikafumuliwa, jenereta ikazimwa, barabara ikafungwa, panya wakategewa mitego hadi mkuu wa maabara akauliza kama vita vyetu siku hizi ni dhidi ya panya, na mwisho kamati ya pande mbili ikatoa muda hadi tarehe 31 Oktoba, hitilafu isipojulikana mkataba uvunjwe na chombo kifungiwe kabatini daima.

Mshika ufunguo wa kulia alikuwa mhandisi wa kiwanda, binti mwenye umri wa kuwa mwanawe, yupo hapa nasi, na ndiye aliyepekua tepe zote za miezi minane, akakuta moja tu iliyonyooka, ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti, siku ambayo marehemu alikwenda kwenye mahafali ya binti yake muuguzi na naibu wake akafungua kabati badala yake. Mhandisi alikaa na jambo hilo siku kadhaa kama mtu aliyebeba maji katika viganja, hadi Jumatano, tarehe 17 Oktoba 2001, saa nne asubuhi, alipokataa kwenda nyuma ya kioo, akamwambia marehemu kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hebu ondoa mkono mezani."

Akauondoa, na kalamu ikalala. Akaurudisha, nayo ikaamka. Wakafanya hivyo mara tatu, kisha binti akaweka kiganja chake mwenyewe, kalamu ikaruka kwa mwendo sawa, kama mtu atembeaye njia anayoijua, na wote wawili wakafahamu kilichokuwa kikiandikwa tangu Februari, kwamba chombo kilikuwa kimesikia moyo, na lau moyo huo ungepiga sawasawa kila mtu angeutambua siku ya kwanza, lakini ulikuwa unachechemea, na aliyesikia unywele katika saa ya rafu ya juu hakuwahi kuusikia wa kwake.

Kanuni ya maabara ilisema wazi kwamba mwenye maradhi ya moyo hashiki ufunguo, na binti alilijua hilo, kwa hiyo akamwambia, "Mzee, tunaweza kuandika kwamba ni panya." Marehemu akacheka, kicheko ambacho mhandisi anasema anakisikia hadi leo, akamjibu, "Panya tumeshawasingizia vya kutosha, binti yangu." Akachukua kalamu, akaandika katika daftari la majaribio, kwa mwandiko ule wake wa kunyooka, "Chombo ni kizima. Asiye mzima ni mimi." Akatia saini, akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza ya jiwe, na chombo, kwa kuwa hakijui adabu wala huzuni, kikaandika kishindo cha ufunguo huo.

Alistaafishwa tarehe 31 Desemba 2001. Chombo kilifaulu Machi iliyofuata, na tangu hapo kimelala juu ya vifusi vingi na vifua vingi, na daktari wake alipata kuniambia kwamba bila meza ile shemeji yangu angeanguka kabla ya mwaka kwisha, basi miaka kumi na minane iliyofuata tuihesabu kuwa tunu. Miaka hiyo aliipitisha kwa utulivu, akirekebisha saa za majirani, na kila alasiri akiketi na mkewe kwenye meza ya chakula, kiganja chake upande huu, kiganja cha dada yangu upande ule, bila neno, na nilipowauliza wanafanya nini, dada yangu aliniambia kwamba wanasikilizana.

Jambo moja tu dada yangu alilitamani, ule utepe wa tarehe 17 Oktoba, maana ulikuwa moyo wa mumewe na yeye ndiye aliyeahidiwa moyo huo mwaka 1975, lakini utepe ulikuwa umefungiwa kabatini pamoja na nyaraka za siri, na kila Oktoba aliandika barua, na kila Desemba akajibiwa kwa heshima kwamba mali ni ya pande mbili na upande mmoja hauwezi kuamua, jeshi likikisubiri kiwanda, kiwanda kikilisubiri jeshi, hadi marehemu mwenyewe akamtania, "Mama watoto, huo wa karatasi waachie, wa nyama si unao?"

Septemba mwaka huu wa 2019 pumzi zake zilianza kuwa fupi, tarehe 29 Oktoba alilazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, na daktari alimpima kwa chombo cha aina ile ile, mjukuu wa kile cha kumi na moja, naye marehemu akamwelekeza daktari pa kukiweka. Alhamisi, tarehe 14 Novemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri, dada yangu akiwa ameweka kiganja juu ya kifua chake, kalamu ilichora mstari ulionyooka, na Muumba akakitwaa kilicho chake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani mliopika na mliokesha nasi, wenzake wa maabara na wa kiwanda, na kwa namna ya pekee nawashukuru mhandisi, ambaye leo ndiye meneja wa kiwanda kile, pamoja na kijana mwenye ufunguo wa kushoto wa sasa, waliofika asubuhi hii na bahasha moja yenye saini mbili, baada ya kuzigeuza funguo mbili za kabati kwa pamoja. Ndani yake umo utepe wenye urefu wa mkono. Tuliwaza kumzika nao, dada yangu amekataa, ameutandaza juu ya meza ya chakula, upande wa mumewe, na kabla hatujatoka nyumbani nilimkuta ameketi upande wake, kiganja mezani, anasikiliza.

Shemeji, umewasikiliza wengi waliofunikwa na udongo, na leo zamu ya kufunikwa ni yako, basi usihangaike kutusikiliza, hatua zetu tutazipunguza.

Pumzika kwa amani.