Macho ya Merryn

ALWYN: Haloo? Nani mwenzangu?

TAMSIN: Mimi, shemeji. Tamsin. Umeamkaje?

ALWYN: Sijalala, niamkeje? Niko huku mlimani, juu ya ziwa, mtandao wenyewe—

TAMSIN: Unakatakata, ndiyo. Sikia. Niko hospitali, Carlisle. Wanataka jibu kabla ya saa sita. Macho ya marehemu dada.

ALWYN: Jana usiku si nilikataa?

TAMSIN: Mwenyewe aliandika yatolewe, apewe asiyeona. Kwa mkono wake, Alwyn.

ALWYN: Miaka thelathini nafundisha mashairi ya Ulimbwende, yale ya kusifu mapenzi na maumbile. Mle mwanamke akifa, mashavu yanakwenda, nywele zinakwenda, macho yanabaki. Ndimo roho ilimo!

TAMSIN: Hayo ni ya darasani—

ALWYN: Nikifumba yangu, yake yananitazama. Asubuhi nimemwaga chai. Yamo kikombeni!



TAMSIN: Unajua alikuwa anakucheka? “Bwana huyu ananisifu macho tangu nina miaka ishirini. Mara ziwa, mara nyota. Hajaniuliza hata siku moja yanaona nini.”

ALWYN: Merryn alisema hivyo?

TAMSIN: Kwa kucheka, lakini.

ALWYN: Na huyo atakayepewa... nikipishana naye sokoni Keswick, akanitazama vile—

TAMSIN: Wanapandikiza kile kioo cha mbele ya jicho tu. Hakina rangi. Hutamjua.

[mkwaruzo]

TAMSIN: Haloo? Shemeji?

ALWYN: Nipo. Jana wewe ulikuwa naye. Mimi nilikuwa nafundisha, nimezima simu.

TAMSIN: Najua. Nilipiga mara sita.

ALWYN: Alikuwa anatazama nini?

TAMSIN: Tuyaache hayo, shemeji—

ALWYN: Niambie!

TAMSIN: Mlango. Kila muuguzi akiingia, anainua kichwa. Mpaka pumzi ya mwisho, mlango.

[upepo]

ALWYN: Wape.

TAMSIN: Unasemaje? Unapote—

ALWYN: Nasema wape! Muuguzi yuko hapo? Anasikia?

TAMSIN: Yuko hapa. Nimeweka sauti kubwa. Anaandika.

ALWYN: Mimi mumewe nimekubali. Yote mawili. Tamsin, chaji inaniishia. Nakuja sasa hivi.

TAMSIN: Ukifika watakuwa wameshayatoa.

ALWYN: Najua.

TAMSIN: Na bado unakuja?

ALWYN: Nakuja. Nikae naye tu, nisimtazame. Wasifunge ule mla—

TAMSIN: Haloo? Alwyn? Haloo?